Kitambaa cha Mkuu wa Shule

Ieleweke kwamba sisi wa kidato cha tatu hatukuwa wapelelezi. Tulikuwa wasikilizaji tu wa redio ya mpishi.

Mpishi huyo, Mama Agnesi, alivuka ziwa mwaka huu wa tisini na saba akikimbia vita Kongo, akapotezana na binti yake, Agnesi, kwenye msukumano wa kupanda boti. Kila alasiri, huku akisonga ugali wetu hapa Gungu, alisikiliza redioni majina ya wakimbizi wanaotafuta ndugu zao. Ila tangu muhula uanze, badala ya majina alimsikia zaidi mkuu wa shule.

Wazazi walikuwa wamemnunulia mkuu huyo, Mwalimu Telesphory, maikrofoni isiyo na waya ya kuhutubia paredi. Aliiheshimu kama mgeni. Akimaliza, aliiweka mezani ofisini akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio sebuleni, akaamini imelala. Kuizima hakuizima. Betri zilipokwisha upesi aliwalaumu wenye maduka wa Mwandiga. Huku nyuma, maikrofoni ilirusha kila neno la ofisini kwenye masafa yaleyale ya kipindi cha Mama Agnesi.

Faida kwa taifa ilikuwa kubwa. Tulijua siku ya ukaguzi wa mabweni kabla ya viranja. Tulijua nani atachapwa, tukamshauri avae kaptula mbili.

"Jamani, nyamazeni nisikie," Mama Agnesi alisema alasiri moja, akizungusha kitufe cha redio. Sauti ya mwanamke ilitaja Uvira, ikaanza jina, kisha Mwalimu Telesphory akapiga chafya juu yake.

"Pole, mkuu," Gharib wa darasa letu akaijibu redio. Wenzangu wakacheka.

Mama Agnesi alibandika sikio kwenye spika. Ugali ulianza kunuka moto.

"Wanasoma wa Uvira," alisema. "Ndio kwetu. Kesho watasoma wa kwingine."

Nilishindwa kusimama pale. Nikatoka.

"We, unakwenda wapi?" Gharib aliuliza. "Ukisema, ukaguzi wa Jumamosi utatukuta na uchafu wetu wote."

"Chooni."

Nikakimbilia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujaitwa."

"Maikrofoni yako iko hewani, mwalimu. Mpishi hasikii majina."

"Nimeifunika."

"Kitambaa hakizuii mawimbi. Hata sasa jikoni wanatusikia."

"Nani kakwambia mambo ya mawimbi?"

"Wewe, mwalimu. Kwenye fizikia."

Kutoka jikoni Gharib akapaza sauti, "Msaliti huyo!"

Mwalimu Telesphory alifunua kitambaa kwa vidole viwili, akabonyeza kitufe, akaizima.

"Wananisikia tangu lini?"

"Tangu muhula uanze."

 Niliona maneno yake ya muhula mzima yakimpitia usoni, mengine yakirudi mara ya pili. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye fimbo pale Mama Agnesi alipotokea mlangoni, pekupeku, mwiko mkononi.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Wamemsoma Agnesi. Yuko kambini Lugufu, anamtafuta mama yake."

Mkuu aliiacha fimbo. "Dereva yuko wapi?"

"Na chakula cha wanafunzi?" Mama Agnesi aliuliza.

Mwalimu akachukua mwiko, akanikabidhi. "Huyu jikoni ni kwake."

Akatoka kumtafuta dereva. Mama Agnesi hakumsubiri. Alipanda gari la shule, akakaa kiti cha mbele, akaanza kupiga honi.