Kumnyoa Mutwiri Asubuhi ya Krismasi

…basi atamnyoa, amnyoe vizuri, amvalishe ile suti ya kijivu, halafu binti yao Kagwiria aende naye kanisani na yeye abaki na sufuria zake, hilo la kubaki Cicily alikuwa ameshaliamua tangu jana na hakuna aliyemuuliza, na angeulizwa angesema nyama haijipiki yenyewe, Krismasi ni wageni, Krismasi ni chapati, lazima mtu mmoja abaki nyumbani, nani asiyelijua hilo… akachovya brashi kwenye beseni, akaizungusha juu ya sabuni mpaka povu likapanda, akampaka mumewe shavu la kushoto, lile linalosikia, kisha la kulia, lile ambalo tangu ugonjwa umpige limelala kama la mtu mwingine, na Mutwiri ametulia pale kibarazani kwenye kiti chake cha mbao, taulo shingoni, jua la Githongo ndiyo kwanza linaanza kupenya ukungu juu ya mibuni, anamtazama kwa macho yake, macho tu ndiyo hayakuugua, ulimi uliugua, mkono uliugua, mguu uliugua, lakini macho yalibaki yale yale ya mtu anayekusubiri umalize kusema uongo… "Mami," Kagwiria akaita kutoka jikoni, "hii unga nikande yote ama tuwekee ya kesho?" na Cicily akasema yote, kanda yote, bila kujua amejibu nini, kwa maana alikuwa akimfikiria Karwirwa, jirani yake, mama wa ushirika wa akina mama, alivyoingia jana bila kubisha, akasalimu, "Muga, Mama Kagwiria! Kesho tunakuja na gari ya Kathuri, mzee tunambeba, hata kama ni mgongoni," na Mutwiri akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na Karwirwa akageuka, "Na wewe je? Kiti chako kanisani kimeota vumbi," na yeye akasema chai inachemka, akakimbilia chai ambayo hata haikuwa motoni. Wembe ulipita shavuni ukiacha njia safi ya ngozi, akausuuza, nywele zikaelea juu ya maji, nyeupe, lini zimekuwa nyeupe hivi, wakati wanaoana kidevu hiki kilikuwa cheusi na kigumu, na kila alfajiri alikuwa akimsikia Mutwiri kabla hajamwona, kwa sababu aliomba kwa sauti, nyuma ya boma la ng'ombe, kofia mkononi, na Cicily anakamua upande wa pili wa mbao, maziwa yanalia ndani ya ndoo, naye anasikia jina lake likitajwa mle ndani ya maombi, baina ya mvua na kahawa na watoto, Baba mlinde Cicily, akawa anasema moyoni, haya, tumeshaombewa… miaka yote hiyo ilikuwa hivyo, imani ilikuwa kama shamba, hati iko kwa jina la mwanamume na mke analima tu, anavuna, anakula, haulizi, mpaka wiki ile ya Pasaka alipoenda kumwita chai akamkuta ameanguka chini ya mbuni, makasi ya kupogolea bado mkononi, mdomo umeenda kando, macho yanamtazama… na kule hospitalini, kwenye benchi la ukumbini, aliomba kwa maneno ya Mutwiri maana yake mwenyewe hakuwa nayo, Baba wa rehema, wewe uketiye juu ya viti vyote vya enzi, na alijisikia kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, mikono inaning'inia, na hata hivyo aliomba, aliomba mpaka sauti ikamkauka, na Mutwiri akarudi nyumbani bila ulimi. Sasa pole pole hapa, chini ya sikio, hapa ndipo alipomkata mara ile ya kwanza kumnyoa… damu kidogo tu, lakini Mutwiri aliukunja uso, akageukia ukutani, akalia, mwanamume ambaye hata kinyozi wa Githongo hakuwahi kumgusa, siku zote akijinyoa mwenyewe mbele ya kioo kilichoning'inizwa kwenye mti wa makadamia, akiimba, na baada ya siku ile akakataa wembe kabisa, ndevu zikamea, zikachafuka uji, na watu wakaja kuwaombea, wengi, wema, wakajaa sebuleni, na yule mhubiri mgeni akamwekea Mutwiri mkono kichwani, akasema, "Humu ndani kuna mtu ambaye hana imani, ndiye anayezuia," na hakumtaja mtu, ila macho ya watu yana njia zake, na Cicily akaendelea kuzungusha vikombe, sukari vijiko vingapi, karibu mkate, na ndani yake kitu kikajifunga kimya kimya, kama mlango wa ghala… basi, kama ni mimi, ni mimi. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kwenda. Nabaki na mzee, alisema, Jumapili baada ya Jumapili, na ni kweli alibaki naye, nani angemlaumu… "Mami, hiyo suti inataka kupigwa pasi!" na akajibu piga basi, na akafikiri, suti, ndiyo, maana leo asubuhi, kabla hata ya uji, ni Mutwiri mwenyewe aliyeonyesha kwa kidole, kwanza kidevu chake, halafu lango, halafu akamwonyesha yeye, na Cicily alijifanya hajaiona ishara ile ya tatu. Wembe ukafika kwenye taya. Akasema, "Baba Kagwiria, inua kidogo," akitegemea kuinua yeye mwenyewe kama siku zote anapomfuta uji, kidole chini ya kidevu, lakini Mutwiri akainua, mwenyewe, polepole, shingo ikitetemeka kwa kazi hiyo, akaegemeza kichwa nyuma kwenye kiti, koo lote likawa wazi, na akafumba macho… na mkono wa Cicily ukasimama hewani. Mshipa ulikuwa ukipiga pale chini ya povu, tup, tup, mdogo tu, kama moyo wa kifaranga, na yeye ana wembe, na Mutwiri anajua ana wembe, anajua mkono huu ulishamkata, hana ulimi wa kusema basi, hana mkono wa kumzuia, na bado amefumba macho, uso umetulia kama wa mtu anayeota jua. Hakuna aliyemwahidi kitu. Yeye ndiye mgonjwa, yeye ndiye aliyepokonywa wimbo na makasi na maombi yake ya alfajiri, na ndiye anayetoa koo… na mimi mzima nimekaa nasubiri nirudishiwe kila kitu kwanza ndipo nifumbe macho. Huko jikoni Kagwiria alikuwa ameanza kuimba, wimbo wa Krismasi, anaukosea maneno, anarukia mstari wa hori na ng'ombe, na Cicily akafikiri juu ya hori, yeye anayajua mahori, anajua harufu yake na nzi wake, hajawahi kuona kitu kitakatifu pale, mtoto kulazwa pale ni shida tu, mtoto asiyeweza kushika shingo yake mwenyewe, wa kuoshwa, wa kugeuzwa, wa kufutwa mate, wa kulishwa… na akamtazama mumewe, na kile kitambaa cha mate begani mwake, akaona aibu, halafu aibu ikapita, kikabaki kitu kingine, laini, kwamba kama Mungu alikubali kufutwa mate basi anaijua nyumba hii, hakuijia kwa mlango wa wageni, alikuwa kwenye kitambaa. Akapitisha wembe, kutoka chini kwenda juu, mwepesi kuliko alivyowahi kuupitisha, na akasikia mdomo wake ukisema, kwa Kimeru, kile Kimeru cha kukaripia watoto na kubembelezea ndama, si Baba wa rehema, si mwenye viti, akasema, "Wewe." Akangoja. "Wewe, nimekukasirikia." Kuku akapita ngazini, akadonoa, akaenda. Hakuna kilichoanguka. Kwa hiyo akaendelea, chini kwa chini, wembe ukienda na maneno, nimekukasirikia kwa sababu ya ulimi wake, ungechukua kingine, ungechukua mguu peke yake, na kwa sababu ya siku ile sebuleni, uliniacha nikigawa mkate mbele ya macho yale, na sitasema asante kwa hayo, usiningojee… na alipofika hapo akashangaa, maana miezi yote hii alikuwa amenuna, na mtu hununa kwa nani, kununiana ni kwa watu wa nyumba moja, hapiti mgeni barabarani ukamnunia, basi alikuwa akimnunia nani, kama hakukuwa na mtu? Kicheko kidogo kikamtoka puani. Maneno haya yalikuwa yake, mabaya, mafupi, lakini hili lilikuwa koti lake mwenyewe, mikono ilimtosha… na akaongeza, taratibu zaidi, lakini usiende. Kaa. Mimi sijui kuomba kama yeye, nitakuwa nakuambia tu. Mutwiri alikuwa amefumbua macho. Alisikia yote au hakusikia, machozi yalikuwa yamemjaa, jicho la upande mzima na la upande mgonjwa sawasawa, na Cicily akayafuta kwa kidole gumba pamoja na povu, akasema, "Tulia, nitakukata," akaanza upande wa kulia, lile shavu lililolala, akilivuta ngozi kwa uangalifu ingawa halisikii, na huko langoni gari likapiga honi, mara mbili, na sauti ya Karwirwa ikapanda juu ya ua, na Kagwiria akatokea mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, "Mami, wamefika, na mzee bado nusu uso! Niwaambie aje?" Cicily hakuinua kichwa, alikuwa kwenye pembe ya mdomo, mahali pagumu.

"Waambie wangoje," akasema, "mimi bado sijavaa."