Kondo Lililonyamaza

Mtoto alizaliwa katika mwezi wa nane wa mimba, hana uhai, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mama mkwe alikwisha kutoa hukumu: mkaza mwana ndiye aliyemuua, kwa kukanyaga cherehani kutwa kucha na mimba tumboni. Aliyatamka hayo mbele ya wafiwa, wala hapana aliyemjibu. Mshtakiwa mwenyewe aliinamisha kichwa. Akaacha kushona, kisha akaacha hata kula.

Kimya kile kilimchoma wifi yake, binti wa nyumba ile, aliyekuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Nyumbani walimwita Daktari wa Vioo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchungulia kwa hadubini vipande vya nyama vilivyolazwa juu ya vioo.

"Daktari asiyeamkiwa na mgonjwa hata mmoja!" mama yake alizoea kumtania.

"Wagonjwa wangu hawanung'uniki, mama."

Safari hii kilicholazwa juu ya kioo kilikuwa kipande cha kondo la nyuma la mtoto wa kaka yake. Mkuu wa maabara, mtu mwadilifu ila mwepesi wa methali, alikwisha kulitazama. Desturi yao ilikuwa kutafuta kwanza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Walipokusanyika hao pana vita, na penye vita pana adui. Hakuona mkusanyiko wowote.

"Pasipo moshi hapana moto," akasema. "Kondo hili halina maambukizi."

"Na kama huyo mchoma nyumba ameujua ufundi wa kuficha moshi, mkuu?"

"Mchoma nyumba gani huyo, mwenye adabu za mwizi?"

"Kirusi."

Mkuu hakucheka. Alijua, kama binti alivyojua, kwamba kondo si mahali kama pengine mwilini. Mtoto ni mgeni, nusu yake damu ya ukoo mwingine, na mwili wa mama hufunzwa kumvumilia. Askari wake hupita mlangoni pale wameshusha silaha. Hata hivyo seli za kondo si bubu. Ikivamiwa moja, huwapigia jirani zake mbiu ya hatari, nazo zikajifunga kibwebwe. Lakini vipo virusi ambavyo, vikiisha kuingia, huikata mbiu ile kooni. Jirani hasikii, askari haamki, na nyumba huteketea kwa ndani milango ikiwa imefungwa.

"Basi nimemtafuta askari badala ya kumtafuta adui," mkuu akasema taratibu. "Ipo rangi inayomshika kirusi mwenyewe. Nitaipaka mimi, na nitasoma mimi. Wewe ni mfiwa."

Alipomwita hatimaye, alimpisha kiti mbele ya hadubini. Madoa ya kahawia, alama ya kirusi, yalikuwa yametapakaa ndani ya seli, na kando yake hapakuwa na askari.

Jibu lilipatikana, nalo likazaa swali. Kirusi kile huleta homa na vipele, na huambukizwa kwa kukaribiana. Binti alikumbuka aliyeugua kwanza nyumbani: mama yake mzazi. Na aliyemlisha na kumpangusa jasho, mimba ikiwa ingali changa, alikuwa mkaza mwana huyu huyu. Kumtua mmoja mzigo kulikuwa kumtwika mwingine. Njia nzima alitafuta namna ya kusema nusu tu ya kweli, asiipate.

Aliwakuta wote wawili sebuleni, kila mmoja na ukuta wake.

"Mama, cherehani haikuua mtu. Kirusi kiliingia ndani ya kondo, na mwili haukupewa habari."

"Kirusi! Na kilitoka wapi, kama si kwa hao wateja wake wa nguo?"

Mkaza mwana aliinua macho. Alikuwa amekwisha kuelewa, naye akamtikisia wifi yake kichwa: usiseme.

"Homa ilikuwa mtaa mzima, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Hukuulizwa wewe. Namwuliza huyu aliyesoma."

"Kioo hakisemi kilitoka kwa nani," binti akajibu. "Nikisema najua, nitakuwa mwongo. Lakini aliyeugua kwanza humu ndani unamjua, mama."

Mama mkwe alimgeukia mkaza mwana.

"Mimi," akasema, kama mtu aitikiaye jina lake mahakamani. "Na huyu ndiye aliyeniogesha."

"Hukujua, mama," mkaza mwana akasema.

"Wewe nawe hukujua, mwanangu. Mbona mimi nilikuhukumu?"

Ndipo mkaza mwana alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mama mkwe aliinuka, akanyoosha mkono, akausitisha kabla haujamgusa.

"Niruhusu."

Mkaza mwana, akiwa bado analia, alisogea kidogo pembeni mwa kochi, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kuketi.