Ruhusa ya Mzee Usi

Gharib alikuja asubuhi na wanaume wawili, wakaupaka ukuta wa nyumba ya Mize alama nyekundu. Hakugombana naye. Alimwamkia vizuri, "Shikamoo, Bi Mize," kisha akamwambia kiwanja ni cha marehemu baba yake, Mzee Usi, na wiki ijayo katapila litakuja kubomoa.

Mize alikuwa mjane. Nyumba ile ya Kiembe Samaki aliijenga na mumewe, Haroub, wakati ana mimba ya mtoto wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana watoto wake. Tangu siku ile, kila gari zito likinguruma barabarani, alitoka mlangoni kutazama.

Akenda mjini, Malindi, kwa wakili aliyeelekezwa na jirani. Wakili alimsikiliza kwa upole.

"Pale mliingiaje?"

Mize aliona haya kusema walijiingilia wenyewe. "Mzee Usi alituruhusu," akasema.

"Usi nani?"

Alipolitaja jina lote, wakili aliinua mkono. "Usiendelee, Bi Mize. Ningekuuliza hilo mwanzo. Gharib ni mteja wangu. Siwezi kukusimamia."

Mize alitoka ofisini. Vichochoroni alikuwa akigeuka nyuma, kama kwamba maneno yake mwenyewe yamemfuata.

Wifi yake, Muzdalifa, ndiye aliyempeleka kwa wakili mwengine, mwanamke kijana akiitwa Salhiya. Mize akamweleza kisa, hata aliyomwambia wakili wa kwanza kuhusu ruhusa. Salhiya alitikisa kichwa.

"Uliyomwambia yule haruhusiwi kuyapeleka kwa Gharib. Lakini mama, nsikilize. Sheria inamlinda mtu aliyekaa miaka mingi, waziwazi, kama kwake, bila ya ruhusa, na mwenye kiwanja asende kushitaki. Kama mliruhusiwa, nyinyi ni wageni tu. Mgeni hadai nyumba."

Muzdalifa akamgusa Mize goti.

"Hakuturuhusu," Mize akasema. "Alikuja mara moja kutoka Maskati, ukuta umefika madirishani. Akamwambia Haroub aondoke. Haroub akamwambia, 'Sitoki.' Alikuwa akifyeka, ana panga mkononi."

"Alimtisha nalo?"

"Hakulinyanyua. Lakini hakuliweka chini."

Salhiya alivuta pumzi. "Hilo panga, upande wa Gharib watalishikilia."

"Nkisema, si watanfunga? Si watamwita mume wangu mwizi kaburini?"

"Kukufunga, hapana. Hilo la pili watalisema. Na kushinda sikuahidi. Ila ukiificha habari hii, mimi sitasimama na wewe."

Salhiya alifungua kesi kabla katapila halijaja. Mahakamani Mize alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Alianza kwa sauti ndogo, hakimu akamwomba aanze tena. Akaanza tena, akasema yote, na panga akalisema. Gharib alikuwa amekaa mbele, akamkazia macho. Hakimu akaamuru nyumba isiguswe mpaka kesi imalizike.

Nje, Gharib akamfuata. Mize akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Baba hakutwambia kama alikuja," Gharib akasema.

"Alikuja."

"Alisema nini alipokuwa anaondoka?"

"Hakusema kitu. Nlikuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu. Akanitazama, akenda zake."

Gharib akaondoka bila ya kuaga.

Baada ya Ramadhani, wakili wa Gharib alileta suluhu: nyumba na ua vibaki kwa Mize, sehemu ya nyuma, kwenye migomba, irudi kwa Gharib. Salhiya alimshauri akubali, kwa kuwa kesi ingeweza kwenda upande wowote, naye akakubali. Siku ya kutia saini alimwomba Gharib amsamehe Haroub. Gharib alijibu kwamba amesamehe, ila hakumtazama usoni.

Alama ya ukutani ilipakwa chokaa. Hata hivyo, gari zito likipita, Mize bado huacha kazi yake akaenda dirishani, akasimama hapo mpaka lipotee.