Jibu Langu Halimo

Sentensi ya kwanza aliiandika kwa Kiingereza chepesi, cha wanaoanza: mtu mmoja ana duka la misumari. Akaisoma mara tatu kwa sauti ya chini, akitabasamu kama mtu anayepima makali ya wembe kwa kidole gumba. Ya pili ikafuata: anamlea binti wa marehemu kaka yake. Ya tatu: barua inafika.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kutunga mazoezi ya Kiingereza kwa watu wazima, yale yanayoingizwa kwenye vishikwambi na kupelekwa katika vituo vya elimu. Kwa miaka mitatu alikuwa ametunga habari za sokoni, za hospitalini, za kuuliza njia, hata ofisini wakambandika jina la Mama Maswali, ingawa hakuwa na mtoto. Kisha wiki moja, katika orodha ya wanafunzi wa kituo kimoja, akaliona jina la baba yake mdogo. Chai ikampalia. Alipomaliza kukohoa alikuwa ameshajua habari inayofuata itamhusu nani.

Baba mdogo huyo ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na pale dukani watu walimwita Msomi. Alikuwa na miwani, kalamu mbili mfukoni na gazeti la Kiingereza kwapani. Barua ya chuo cha ualimu ilipofika kwa sanduku la posta la duka, aliifungua mbele ya wateja, akaitazama kitambo, akavua miwani.

"Wamekukataa, mwanangu. Wameandika kwa adabu, lakini wamekukataa."

"Naomba niione, baba."

"Ya nini kujitonesha kidonda? Shika ufagio."

Akaushika, miaka sita. Siku moja, akitafuta kufuli kwenye droo ya bawaba, akaikuta barua chini kabisa, imekunjwa vizuri. Ilikuwa na mistari minne tu, na yote minne ilimkaribisha chuoni. Aliondoka jioni ileile bila kuaga, na kwa miaka minane hakukanyaga tena mtaa ule. Stashahada aliipata kwa kuchelewa, akiketi dawati moja na mabinti waliomwita shangazi. Kwa nini barua ilifichwa, hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu: mzee alitaka wa kumfagilia duka.

Habari mpya hujaribiwa kwanza darasani, mtunzi akiwa ameketi nyuma. Jumamosi asubuhi, katika kituo kile, akaketi nyuma, kishikwambi chake mapajani, kimeunganishwa na vya wanafunzi wote. Baba mdogo aliingia wa mwisho, kakonda, shingo inaogelea ndani ya kola. Alimwona. Midomo ikamcheza. Akasalimia darasa zima kwa pamoja, akaenda safu ya mbele.

Walisoma kwa zamu, kila mtu na sentensi yake, wakijikwaa na kuinuka. Walipofika mwisho, msusi aliyeketi dirishani akashusha pumzi.

"Huyu baba mdogo ni nyoka."

"Usimtukane nyoka, dada," akadakia dereva wa lori. "Nyoka anauma, anakwenda zake. Huyu kauma, halafu kampa mtoto ufagio afagie damu!"

Darasa likaangua kicheko. Mama Maswali alikinywa kicheko kile funda kwa funda. Alikuwa amekaa na kiu yake miaka mingi. Mzee peke yake hakucheka. Kidole chake kilikuwa bado kwenye sentensi ya mwisho, kana kwamba angekiondoa ingetoroka.

"Haya, swali la tano," mwalimu wao akasema, kijana mchangamfu asiyejua lolote. "Mzee wangu, tusaidie wewe. Kwa nini alimwambia binti kwamba amekataliwa?"

Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: alikuwa na wivu, alitaka mtu wa kufanya kazi dukani, alimchukia kaka yake. Kishikwambi kilikubali la pili, lakini lolote ambalo mzee angeligusa lilikuwa kitanzi. Mtunzi alikuwa amehakikisha hilo. Mzee akayasoma yote kwa sauti, polepole, akiliinua kila neno kama gunia.

"Jibu langu halimo," akasema.

"Chagua tu, mzee," akasema dereva. "Hapa si dukani, useme bidhaa imeisha, uje kesho."

Wakacheka tena. Mzee akangoja wamalize.

"Halimo. Hakujua kuisoma."

"Lakini habari inasema aliifungua, akaisoma mbele ya wateja," mwalimu akasema.

"Aliifungua. Akaitazama. Watu wanamwita Msomi, mwalimu, na wote wamesimama pale wanamngoja aseme kitu. Akaona ni fupi. Akadhani neno la heri haliwezi kuwa fupi hivyo." Akameza mate. "Baadaye akaogopa kumpa mtu mwingine aisome. Akaiweka."

"Msomi?" msusi akauliza, akipekua kioo cha kishikwambi chake juu hadi chini. "Mbona humu hakuna Msomi?"

Kicheko kilikuwa kimekauka kama maji juu ya bati la moto.

Kule nyuma Mama Maswali alihisi ameibiwa mara ya pili. Miaka minane alikuwa amemchukia mtu mwerevu, na kumchukia mwerevu kuna utamu wake. Mnakuwa wawili mnaotoshana. Sasa anapewa mtu wa miwani tupu, aliyejivika sifa asizoweza kuzibeba. Huruma ikamjia, na kwa dakika nzima akaiachia. Kisha nyuma yake ikaja hasira nyingine, kavu, isiyo na kelele. Siku ile yeye alikuwa pale. Hatua mbili kutoka kaunta, na shuleni kwao hakuna aliyemzidi Kiingereza. Mkono tu. Mzee angenyoosha mkono tu, akampa aisome.

Siku ya majaribio mtunzi ana ruhusa ya kuongeza swali papo hapo. Akaandika, haraka, bila kufuta neno. Kishikwambi kikamwuliza swali lipewe sekunde ngapi. Akaacha pale patupu. Kikamwuliza kama mwanafunzi anaweza kuliruka, akakataa. Akalituma.

Vishikwambi vyote vikalia kwa pamoja.

"Swali la sita," mwalimu akasema, kakunja uso. "Hili hata mimi sikuwa nalo. Haya, mzee, umeshaanza, malizia."

Mzee akalifuata kwa kidole. Barua ilipofika, binti alikuwa wapi? Shuleni. Safarini. Kitandani, mgonjwa. Mbele yake.

Dereva akamwinamia, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Sasa limo, mzee."

"Nimeliona, mwanangu."

Hakuligusa. Aligeuka kitini, mwili mzima, kwa taabu, hadi akatazamana na mtu wa nyuma. Mama Maswali hakukwepesha macho, wala hakumsaidia kwa tabasamu.

"Mwalimu," mzee akasema, bado amemtazama yeye, "hapa napewa muda gani?"

Kijana akainama juu ya kioo, akatafuta saa, asiione.

"Hawakuandika, mzee."

Kule nyuma, mtunzi alikifunga kishikwambi chake, akakunja mikono, akakaa vizuri.