Seva ya Majaribio

Shakira alizoea kurekebisha programu ya wakulima wa Midia moja kwa moja mtandaoni, mpaka siku ya soko alipoizima kwa bahati mbaya. Anguyo, mwenzake wa kazi aliyeko Arua, akamshauri aweke seva ya majaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Sasa, nyumbani Koboko, seva iligoma kuwaka mara ya nne. Shakira alizunguka sebuleni, akaketi, akainuka tena.

“Wewe iko natembea kama sentri kwa geti,” alisema baba yake, mwanajeshi mstaafu. “Hii maandishi nyekundu kwa kompyuta nasema nini?”

Shakira hakuwa ameyasoma. Akainama, akayasoma. Kumbe seva nyingine, aliyoiweka mwaka jana akaisahau, ilikuwa imeshika nafasi ile ile iliyohitajika na seva mpya. Akaizima, akawasha ile mpya. Ukurasa wa programu ukafunguka.

“Hapa naweza kuharibu nitakavyo,” alimwambia Anguyo kwenye simu, mguu wake bado ukitikisika chini ya meza.