Jerono na Kiapo cha Murembe

Ujumbe ulimfikia Jerono Jumatano asubuhi, mikono yake ikiwa na udongo hadi viwikoni. Alikuwa kwenye kitalu chake cha miche, kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Suam, akihamisha miche ya parachichi. Simu ililia mfukoni mwa aproni. Alifuta vidole, akasoma. Ilikuwa grupu ya WhatsApp ya ukoo wa marehemu mumewe.

"Kikao cha ukoo Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani Chwele. Mjane wa Mukhwana afike bila kukosa. Ataapa kwa murembe kwamba hakumpa marehemu sumu. Mungu awabariki."

Aliyetuma ni Wanyonyi, mdogo wa mumewe. Chini yake watu kumi na mmoja walikuwa wameweka alama ya mikono ya maombi.

Jerono alisoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la uandishi. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu amzike Mukhwana. Miaka ishirini na moja ya ndoa. Yeye binti wa Saboti, mlimani, aliolewa Bungoma akajifunza lugha yao hadi akaweza kugombana kwayo. Miaka miwili ya mwisho alimpeleka mumewe hospitalini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, figo zikiwa zimechoka. Alimpikia bila chumvi. Alimpimia maji kwa kikombe. Na sasa, sumu.

"Mathe, usiende," binti yake Ivy alimwambia jioni hiyo. Ivy alikuwa na miaka ishirini, anasomea ualimu, na hasira zake zilikuwa karibu. "Ati uape? Kwani wewe ni mwizi wa kuku? Wacha wakae na mti wao."

"Nisipoenda watasema nimeogopa."

"Si waseme!"

"Baba yako amelala kwenye lile shamba, Ivy. Nikikimbia leo, kesho nitaambiwa sina hata ruhusa ya kupalilia kaburi lake."

Kila aliyelelewa upande wa Bungoma anaujua murembe. Ni mti wenye miiba, gome lake nene kama kizibo, na maua yake mekundu husimama juu ya matawi kama makaa yaliyopulizwa. Watu wa zamani waliuheshimu kuliko mahakama. Ukiapa uongo mbele yake, walisema, mwaka hautaisha kabla hujazika mtu au hujazikwa wewe. Siku hizi wengi wameokoka, wanaucheka mchana kweupe, lakini ni nadra kumwona mtu akiukata kuni. Jerono mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani. Hakuuogopa murembe. Kilichomuuma ni kwamba waliomwita walikuwa wakikaa naye benchi moja Jumapili.

Jumamosi saa nne Jerono na Ivy walifika. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani, watu kama thelathini wamekaa. Mbele alikaa mzee Nyongesa, mwenyekiti wa ukoo, karani mstaafu aliyeishi mjini Bungoma na kuja kijijini kwa vikao na matanga tu. Kando yake Wanyonyi, shati jeupe limepigwa pasi, Biblia mapajani, kisha katibu wa ukoo na daftari lake. Mama mkwe, Mama Rosaline, alikaa peke yake mlangoni pa jikoni, shuka limemfunika mabega ingawa jua lilikuwa kali. Jerono alipomsalimia, mama yule aliutoa mkono bila kuinua macho.

Waliomba kwanza. Kisha Nyongesa akakohoa.

"Mama Ivy, hapa hakuna mtu anakuhukumu. Ukoo unataka tu moyo wake utulie. Wewe ndiye ulikuwa unampikia ndugu yetu. Wewe ndiye unashinda na miti, unajua gani inaponya na gani inaua. Mukhwana aliondoka hapa Januari akitembea na miguu yake. Kufika kwako, wiki moja, akavimba, akalazwa. Hakuinuka tena. Watu wanauliza. Sema tu mbele ya murembe, yaishe."

 Jerono aliikumbuka vizuri ile wiki ya Januari. Mukhwana alikuwa amekwenda kumwona mama yake, akakaa siku kumi, akisafishwa damu mjini Bungoma. Aliporudi Kitale alikuwa akitapika, uso umevimba. Daktari alitazama vipimo, akamgeukia Jerono: "Amekunywa dawa za kienyeji? Niliwaambia asiguse." Jerono aliapa kwamba hajanywa hata tone. Mukhwana, kitandani, naye alitikisa kichwa kukataa. Daktari hakubishana, lakini alimtazama Jerono jinsi mtu anavyomtazama mwongo, na jicho lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo miezi mingi.

"Murembe uko wapi?" aliuliza.

Nyongesa alishangaa kidogo. Labda alitegemea machozi. "Uko palepale, nyuma ya zizi."

Walikwenda wote, viti vikabaki uani. Nyuma ya zizi, mahali ambapo Jerono alikumbuka mti mkubwa wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili, palikuwa na mti mchanga uliopita kichwa chake kidogo. Ulikuwa umechanua.

"Ule mkubwa ulipigwa na radi," Wanyonyi alieleza haraka, kabla hajaulizwa. "Huu umechipuka kwa mizizi yake. Damu ni ileile. Haya shemeji, shika, useme."

Jerono alisogea. Alishika tawi. Akaligeuza jani, akalipapasa upande wa chini kwa kidole gumba. Lilikuwa laini, linateleza. Akatazama maua: yalikuwa yameinama, mekundu ya kuiva, kama mitumbwi midogo iliyopinduka, katikati ya majani mabichi tele. Alilirudia jani kulipapasa hadi mtu mmoja nyuma akasema, "Ameogopa."

"Sijaogopa," alisema Jerono. "Nashangaa. Mzee Nyongesa, wewe ni mtu wa hapa. Murembe ukitoa maua, majani yake huwa wapi?"

Nyongesa aliangalia mti. "Huwa… huwa yameanguka."

"Murembe huvua majani kwanza ndipo uvae maua. Na jani lake lina vinyweleo, ukilishika ni kama shavu la ndama. Hili shika, mzee. Shika!" Mzee alishika. "Huu si murembe. Huu ni mti wa mapambo. Unapandwa kwenye bustani za mahoteli. Najua kwa sababu niliuotesha mimi, kwa mbegu, Kitale. Shemeji Wanyonyi alikuja Aprili kumwona ndugu yake, akaniomba mti wa maua wa kupanda mlangoni pa Mama. Nikampa bure. Akaniuliza ni mti gani. Nikamwambia ni ukoo mmoja na murembe, lakini si murembe. Ulinisikia nusu, shemeji?"

Minong'ono ilianza. Wanyonyi alijaribu kucheka. "Ukoo mmoja si ni kitu kimoja, bana? Acha kutupotezea saa."

"Hapana. Wewe na Mukhwana mlikuwa ukoo mmoja. Si mtu mmoja."

Jerono alianza kutafuta chini mabaki ya ule mti mkubwa. Hatua tatu kutoka pale palikuwa na lundo la mabua makavu ya mahindi. Jerono aliyavuta kwa mikono yake. Ivy akaja kumsaidia. Wanyonyi akasema, "Wachaneni na hiyo takataka, kuna nyoka," lakini hakuna aliyemsikiliza.

Chini ya mabua kulikuwa na kisiki, kimekatwa kwa msumeno usawa wa goti. Na kuanzia pale kilipokatwa hadi kwenye mizizi, kilikuwa uchi. Gome lote limebanduliwa, kuzunguka pande zote, alama za panga zimepangana moja baada ya nyingine.

"Radi inatumia panga?" Ivy aliuliza kwa sauti.

Jerono alipiga magoti. Maisha yake yote alikuwa ameishi na miti, na alijua alichokuwa akikiona. Ukibandua gome kidogo upande mmoja, mti unajiponya. Ukibandua ukazunguka, umeunyonga. Mti huu haukupigwa na chochote kutoka mbinguni. Ulichunwa hadi ukafa, kisha ukakatwa ili usionekane.

Na gome la murembe huchemshwa dawa. Hilo nalo kila mtu pale alilijua.

Alisimama. Akawageukia wote.

"Ni nani alibandua gome hili? Na nani alikunywa?"

 Nyongesa alifuta miwani yake ambayo haikuwa chafu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu, sauti ndogo iliyokauka.

"Ni mimi nilichemsha."

Watu walipisha. Mama Rosaline alikuwa amewafuata, ameshikilia nguzo ya uzio.

"Wanyonyi alinibandulia. Kila siku kidogo, kila siku kidogo, hadi ikaisha yote. Nilichemsha kwa chungu. Mtoto wangu alikuwa anaisha, Mama Ivy. Hospitali inamfunga kwa mashini, inamrudisha vilevile. Ningekaa tu nikimwangalia?"

"Alikunywa siku ngapi?"

"Zote kumi. Akaniambia, Mama, usimwambie mama Ivy, atagombana na wewe."

 Hasira aliyokuja nayo ilikuwa na mahali pa kwenda. Hii mpya haikuwa napo. Mukhwana alikuwa ametikisa kichwa mbele ya daktari, macho makavu, akamwacha mkewe aonekane mwongo ili mama yake asikemewe. Na sasa alikuwa kaburini, hatua mia moja kutoka pale, na hakuna wa kumuuliza.

Alimgeukia yule aliyekuwa hai.

"Wanyonyi. Wewe ulijua. Ulijua ukisoma wasifu mazishini. Ulijua ukiandika kwa simu kwamba nije niape."

"Shemeji, tulia." Wanyonyi alikuwa amekumbatia Biblia kifuani. "Hakuna mtu anajua kama ni hiyo gome ilimuua."

"Kweli, hakuna anayejua. Hata mimi sijui. Daktari alisema figo zake zilikuwa zinaelekea mwisho kwa vyovyote. Lakini mimi, ambaye sikumpa kitu, mimi ndiye ulijua kabisa nilimuua?"

Wanyonyi aliitazama njia ya kurudi uani.

"Mlitaka kiapo. Mimi sihitaji mti kusema kweli, lakini mmeniita. Sikumpa mume wangu sumu. Haya. Ni zamu yako. Weka mkono kwenye kisiki hicho, si kwenye ua la hoteli, useme hukujua."

Wanyonyi alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nimeokoka. Siapi kwa miti."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha aibu. Nyongesa akainua mikono upesi. "Basi, basi. Tumesikia. Ni mambo ya nyumba, na nyumba haikosi mambo. Tuombe, tufunge kikao."

"Hamtafunga kwa maombi," Jerono alisema. "Mlifungua kwa maombi mkaniita muuaji. Katibu wenu yuko na kalamu. Aandike kilichosemwa hapa, na majina."

"Na mkanushe kwa grupu," Ivy akaongeza. "Si mlituma huko? Watu themanini walisoma. Fanyeni huko huko, sasa hivi."

Nyongesa alisema litaangaliwa. Katibu alikunja daftari. Mmoja mmoja watu walianza kurudi uani, wakitembea kwa haraka ya watu waliokumbuka ng'ombe hawajanyweshwa.

Jioni, kabla Jerono na Ivy hawajafika Kitale, simu zao zilionyesha kitu kimoja: Wanyonyi amekuondoa kwenye grupu.

Jerono hakulia. Jumatatu alikwenda kwa naibu chifu na picha za kisiki alizopiga Ivy, akaeleza yote tangu mwanzo, akaandikiwa barua iliyotambua kwamba sehemu ya shamba la Mukhwana, pamoja na kaburi, ni ya mjane na bintiye. Nyongesa alitia sahihi kama shahidi, bila kumwangalia. Hakuna aliyepinga. Kumbe walikuwa wakijua tangu mwanzo kwamba ni haki yake.

Mwezi wa pili baada ya kikao Mama Rosaline alikuja Kitale bila kuaga mtu. Jerono alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya miche, mkoba magotini. Hakumwuliza kitu. Alimletea chai, akaketi chini karibu naye. Mama alilia kwanza, kisha akasema alilokuja kusema.

"Wewe nimekusamehe, Mama," Jerono alimwambia. "Ulikuwa unamtafutia uhai. Ningekuwa mimi na Ivy, sijui ningechemsha nini. Lakini yule mwingine alikuwa akitafuta wa kumbebesha. Mwambie atasamehewa siku atakaposimama mbele ya watu walewale aseme maneno yaleyale aliyosema, akiyageuza."

"Anasema tusahau."

"Asahau yeye aliyetukana? Mama, kunywa chai, inapoa."

Mpaka leo Wanyonyi hajasema. Kila mwisho wa mwezi Jerono huenda Chwele kupalilia kaburi. Njia inapita mlangoni pa shemeji yake, na mara nyingi humkuta amekaa barazani. Wanyonyi husimama, hunyoosha mkono, huita, "Shemeji, mulembe!" Ni salamu ya amani, na upande ule mtu huitikia salamu hata ya adui. Jerono hupita na jembe lake begani, uso mbele, wala hapunguzi mwendo.