Mji Uliopungukiwa na Mtu Mmoja

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya bomba lililonuna.

Bomba lilikuwa jipya, limepakwa rangi ya buluu, limesimikwa katikati ya uwanja wa udongo mwekundu. Mbele yake ndoo zimepanga foleni zenyewe. Nikajua mara moja niko Ghana, mahali panapoitwa Asabikrom. Ghana sijawahi kufika. Lakini ndotoni mtu hujua tu, kama vile mtaani kwetu tunavyojua mkubwa amekuja kabla hajashuka garini.

Nikafungua koki. Kimya.

"Usinishikeshike," likasema bomba. "Mimi ni bomba la mji."

"Basi toa maji."

"Hapa si mji."

Damu ikanipanda, tena kwa furaha, kama mtu aliyekutana na adui yake wa zamani ugenini. Maneno hayo nayajua. Mimi sisahau. Mwaka ule tulipoomba bomba mtaani kwetu, wakubwa walituambia hapa ni kijijini, chimbeni kisima. Tukachimba. Mwaka uliofuata tukajenga vyoo, wakaja walewale wakasema hapa ni mjini, ramani ya choo iko wapi? Na hicho kisima kifukieni, mjini hakuchimbwi ovyo. Nimeyasema haya katika kila mkutano wa hadhara, mpaka wenyeviti wakiniona nanyoosha mkono hutazama dari, hata kama mkutano uko nje.

"Nani kasema hapa si mji?" nikauliza.

"Elfu Tano. Yuko pale mlangoni. Mimi nafuata maagizo."

Nyuma ya ndoo ya kwanza akainuka bibi mmoja mwembamba, kajifunga kitambaa cheupe kipya. Mkononi ana vikombe viwili vidogo. Kimoja kina pombe kali, kingine kitupu. Huyu ni Nana Akyaa. Alisema Kiswahili safi kuliko mimi, nami sikuona ajabu.

"Wofa," akaniita, yaani mjomba, "umekuja kutusemea au umekuja kututazama?"

"Kusema ndiyo kazi yangu, Nana."

"Wanakusikiliza?"

"Wananikimbia."

"Basi ni wewe tuliyekuwa tunakusubiri. Sogea."

Akanionyesha binti yake, Birago, aliyekaa juu ya kizingiti na mtoto mchanga mapajani. Kando yake pana mzigo uliofungwa tayari kwa safari.

Nana akanieleza. Kwao, mtoto kabla ya siku ya nane ni mgeni. Anaweza kukaa, anaweza kurudi alikotoka, wala hakuna wa kumlaumu. Siku ya nane hutolewa nje. Hudondoshewa tone la maji ulimini, akaambiwa: ukisema ni maji, yawe maji. Kisha tone la pombe: ukisema ni pombe, iwe pombe. Ndipo hupewa jina, ndipo huwa mtu. Kwetu sisi ni arobaini. Nikaona hawa wana haraka, lakini si kwangu, nikanyamaza.

"Pombe ninayo," akasema Nana. "Maji sina."

"Kisima?"

"Kilikwenda mjini kutafuta kazi. Tunasikia siku hizi ni shimo la barabarani, na madereva wote wanakijua kwa jina."

"Maji ya pakiti?"

"Gari lake huuza mjini tu."

Birago akamhamisha mtoto paja hili kwenda paja lile. "Mama, nimeshasema. Jua likizama huyu bado ni mgeni, naondoka naye Accra kwa baba yake. Siwezi kunyonyesha mtu asiyejua kama anakaa."

"Na baba yake yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Yuko njiani."

"Yuko njiani tangu mimba ina miezi mitatu," akasema Nana. "Jina amelituma kwa simu, mwenyewe bado. Wofa, mimi nimezaa sita, watano wako Accra, na wote watano wako njiani kuja. Huyu wa sita akipanda gari, nabaki na ndoo."

Nikatembea kwenda mlangoni pa Asabikrom, mahali pasipo na mlango. Pale, kwenye kiti cha plastiki, amekaa bwana mrefu mwenye suti ya kijivu, jua limempiga mpaka suti imebaki kivuli cha suti. Ndiye Elfu Tano. Yeye ndiye kanuni yenyewe. Katika nchi ile makazi yakifikisha watu elfu tano ni mji, yasipofikisha ni kijiji. Kanuni ikishasema hayo haina haja ya kusema mengine.

"Mheshimiwa," nikasema, "hawa wamepungukiwa na wangapi?"

"Mmoja."

"Yule mtoto pale?"

"Mgeni."

"Nani kasema?"

"Wao wenyewe."

"Ni kweli," akasema Nana Akyaa nyuma yangu. "Mila ni mila."

"Basi nihesabu mimi."

Elfu Tano akanitazama kuanzia viatu. "Mtu huhesabiwa pale alipolala. Wewe umelala wapi?"

Nikafikiri. "Tanga."

"Unaona."

"Lakini niko hapa, nimelala hapa!"

"Umesimama," akasema.

Nikatazama miguu yangu. Kweli nilikuwa nimesimama.

"Leteni mtoto aliyetolewa nje," akasema Elfu Tano, "nami nitatimia dakika hiyohiyo. Sina ubaya na mtu."

"Atatolewaje?" akasema Nana. "Jana ilikuwa siku yake ya saba. Leo tumeamka, ni ya saba tena. Siku ya Nane nayo imetukimbia, imekwenda Accra."

Nikageuka kumwambia kwamba huo sasa ni upuuzi, na tayari niko Accra.

Accra amelala chali. Ni mama mnene mwenye bangili nyingi, mguu mmoja umefika mji wa Kasoa, mkono mmoja umeushika mji wa Tema, na bado anajinyoosha.

"Shikamoo mama," nikasema. "Umelalia shamba la mtu."

"Najua. Kila nikigeuka nalalia la mtu."

"Wanao ni wangapi?"

"Wangu?" Akacheka mpaka madaraja yakatikisika. "Sina hata mmoja. Namuuliza kila anayeshuka: wewe wangu? Ananijibu hapana mama, mimi napita tu. Nina mamilioni ya wapita njia. Wamejenga, wamezaa, wamezikana, wanapita tu."

Nikamwuliza ilipo Siku ya Nane. Akainua kidole kimoja, mtaa mzima ukahama, na pale palipokuwa chini yake pana kibanda cha kusukia nywele. Ndani ameketi dada mwenye gauni jeupe, kitana mdomoni.

"Wewe ndiye Siku ya Nane ya Asabikrom?"

"Nani anauliza? Kama ni mchango wa msiba, nimeshatoa."

"Unangojwa nyumbani. Kuna mtoto."

"Hapa watoto ni kila dakika, kaka. Nina kazi mpaka Desemba. Kule nilikuwa naitwa mara moja kwa mwezi, nakaa naota jua."

"Hapa wewe ni siku ya ngapi?"

Akatoa kitana mdomoni. Akayahesabu meno ya kitana kwa kidole. Mteja wake akageuka naye kumtazama.

"Hapa hawaniulizi hivyo," akasema. "Hapa nikifika, wananiambia nipange foleni."

"Asabikrom kuna bibi amevaa nguo mpya kwa ajili yako, na hana hakika kama utatokea."

"Nguo mpya kabisa?"

"Bado ina mikunjo ya dukani."

Akamwacha mteja na nusu ya kichwa. "Lakini sikai," akaniambia. "Napita tu, nageuza."

Nikafurahi sana. Katika maisha yangu yote sijapata kusikia mtu akisema anapita tu huku anaelekea kijijini.

Hatukusafiri. Tulifika.

Siku ya Nane anaingia uwanjani, mwanga unabadilika, na Birago anasimama na mtoto. Nana anainua kikombe cha pombe kwa mkono huu, kikombe kitupu kwa mkono ule. Anakigeuza kile kitupu juu chini. Halidondoki kitu.

"Maji," anasema.

"Mji kwanza," linasema bomba.

"Mtoto kwanza," anasema Elfu Tano, ambaye amekuja na kiti chake.

"Maji kwanza," anasema Nana.

Wanatazamana. Jua limeketi juu ya paa la bati, linavua viatu.

Elfu Tano ni mtu wa suti, na suti ni nzito. Tone moja la jasho linateremka puani mwake, linaning'inia. Siku ya Nane analiona.

"Nana, kinga lile. Nani atajua?"

"Lile ni jasho," anasema Nana. "Leo nimwambie jasho ni maji, kesho si atakuwa mbunge?"

Bomba likacheka kidogo, likajizuia.

Birago akajitwika mzigo kichwani. "Mama, jua lile."

"Ngoja, mwanangu."

"Nimengoja siku ya saba mara mbili."

Nikaona zamu yangu imefika. Nikapanda juu ya ndoo. Nilikuwa nimemwandalia Elfu Tano mashtaka yote, tangu kile choo, mengine ya kabla sijazaliwa ambayo nilirithi kwa baba. Nikafungua kinywa. Kisha nikaona kola ya shati lake imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono wa mtu asiyejua kushona. Ni yeye mwenyewe aliyeishona. Nikashuka kwenye ndoo, nikamwuliza swali ambalo, pamoja na kelele zangu zote, sijawahi kumwuliza mkubwa yeyote.

"Bwana, kwani wewe kwenu wapi?"

"Nilizaliwa ofisini."

"Nani alikutoa nje?"

"Hakuna. Niligongwa muhuri."

Nana Akyaa akashika kinywa. "Hakuna aliyekudondoshea maji? Hata tone?"

"Hapana."

"Yesu wangu! Miaka yote hii tunagombana na mgeni!"

Wanawake wakaanza kutoka majumbani. Elfu Tano akainamisha kichwa, akaikunja miguu yake mirefu chini ya kiti. "Hayo maji," akauliza polepole, "yakiwa ulimini yanakuwaje?"

Wanawake wakaramba midomo wakijaribu kukumbuka. Mtu huyazoea mapema mno.

"Na usiku unalala wapi?" nikamwuliza.

"Hapahapa, kwenye kiti hiki. Tangu waliponileta."

"Mtu huhesabiwa pale alipolala," nikamrudishia maneno yake. Nana akakiinua kikombe kitupu. Siku ya Nane akasimama wima, akanyoosha gauni lake. Elfu Tano akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, akageukia bomba.

"Tone moja," akasema. "Si la mji. La kwangu."

"Kanuni inasema," likaanza bomba.

"Kanuni ni mimi."

Bomba likatafakari hilo, likaona halina pa kutokea. Likakohoa kutu, likatoa tone moja. Nana akalikinga.

Elfu Tano amepiga magoti, amefumba macho, ametoa ulimi kama mtoto anayepewa dawa. Nana anachovya kidole.

"Ukisema ni maji, yawe maji."

"Ni maji," anasema Elfu Tano, na sauti yake imekuwa ndogo.

"Ukisema ni pombe, iwe pombe."

"Ni pombe," anasema, anapaliwa, wanawake wanampigapiga mgongoni.

"Ulizaliwa siku gani?"

"Jumanne. Baada ya chai."

"Basi wewe ni Kwabena, jina la mwanamume wa Jumanne, na kwenu ni Asabikrom."

Kwabena Elfu Tano akainuka. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaenda mbali sana, akarudi. Kwenye kidole cha mwisho akasita, akakitazama, akakigusa kifua chake nacho.

"Nimetimia," akasema. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, udongoni.

Bomba likapasuka kwa maji. Ndoo zikavunja foleni, zikakimbia zikikanyagana. Nana hakuzitazama. Alikinga kikombe chake, akamwendea mjukuu, akamdondoshea. Mtoto akakunja uso, akafikiri, akalilamba tone lile. La pombe likamfanya apige kelele iliyosikika mpaka shamba la mwisho. Akaitwa Twumasi, jina lililoletwa kwa simu.

Birago akatua mzigo. Akaufungua palepale, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazifua zote ingawa zilikuwa safi.

"Nana," nikasema, "furahini, lakini mjue. Kesho watakuja kuuliza ramani za vyoo."

"Waje."

"Mimi nawajua hawa. Mimi sisahau."

"Wakija tutawapa maji kwanza, Wofa, ndipo tuwafukuze. Leo kaa."

Nikakaa. Siku ya Nane, aliyekuwa anapita tu, alikuwa ameshavua viatu na kuchukua sahani. Wanawake wakaleta makopo ya poda nyeupe, wakawa wanampaka kila mtu shingoni na mabegani, ndivyo wanavyofurahi huko. Wakampaka Kwabena mpaka suti ikawa haionekani. Nana Akyaa akaja nyuma yangu, akanipiga kofi la poda shingoni, kofi zito la bibi aliyeshinda. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilipigwa nikacheka.

Nikaamka. Asubuhi imeshaingia dirishani. Mke wangu, Mama Nuru, amesimama juu yangu na ufagio.

"Baba Nuru, hebu geuka."

"Kuna nini?"

"Geuka kwanza." Akapitisha kidole shingoni kwangu, akakinusa. "Poda. Ya mtoto mchanga. Nyumba hii haina mtoto mchanga tangu Nuru, na Nuru ana ndevu."

Nikajipapasa shingo.

"Ya nani?"

"Ya Nana Akyaa."

"Ndiye nani huyo?"

"Bibi mmoja wa Ghana. Amepata mjukuu."

Mama Nuru akanitazama machoni. Tumeishi pamoja miaka mingi, ananijua ninapolalamika na ninaposema kweli. Akaegemeza ufagio ukutani, akaichota iliyobaki kwa vidole viwili, akajipaka shingoni mwake upande huu na upande ule, akaenda kuchemsha chai.